Kichwa na Kiuno: Saikolojia ya Kina Mbele ya Kisa cha Milansi

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeizoea saikolojia ya kina kwa namna moja: mhakiki hueleza nadharia ya Freud au ya Jung, kisha huisaka ndani ya matini. Ndoto ikipatikana, huitwa tamaa iliyozimwa. Mwanamke mgeni akitokea, huitwa kikale. Makala hii inauhoji mwelekeo huo. Inadai kwamba kisa cha Wafipa kuhusu Milansi si mfano wa kuthibitishia nadharia tu, bali chenyewe ni fikra kamili juu ya nafsi, yenye uwezo wa kuikosoa ile tuliyoiazima.

Jung na neno "mungu"

Mwaka 1925 Carl Gustav Jung alifika Mombasa na kuendelea hadi miteremko ya Mlima Elgon. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa baada ya kifo chake cha mwaka 1961, anaeleza kuwa mazungumzo yake na wenyeji yalipitia Kiswahili cha kubahatisha. Alitaka kujua kama jua ni mungu. Alichekwa. Baadaye alifikia uamuzi kwamba kilichotukuzwa ni ile nukta ya mapambazuko. Uamuzi huo una uzuri wake, lakini umesimama juu ya swali lisilo imara. "Mungu" lilikuwa neno la kuazima kwa muulizaji na kwa muulizwa pia; na sentensi ya "jua ni mungu" hulinganisha kitu na kitu, haiachi nafasi ya kutaja wakati. Kabla ya kuufikia ung'amuzi bwete wa wenyeji, Jung alikuwa amekwisha kukutana na sarufi. Kwa mwanaisimu, hilo si jambo dogo.

Kisa cha Milansi

Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alikichambua kisa hiki katika makala ya mwaka 1967 na kukirejea katika kitabu cha mwaka 1981. Kwa muhtasari, mfalme wa Milansi alikuwa hayupo wanawake wageni walipofika na kukitwaa kigoda. Hakurudishiwa utawala. Hata hivyo, hakufukuzwa: ukoo wake ulibaki na kijiji cha Milansi pamoja na heshima ya kiibada, na ukoo wa Twa uliotokana na wageni ukashika ufalme. Willis alionyesha kuwa Milansi inahusishwa na kichwa, Twa na kiuno.

Msomaji wa Freud atakimbilia kusema kuwa kiuno ni tamaa na kichwa ni mlinzi wake. Wa Jung ataona nafsi ya kike ikibisha hodi mlangoni pa mzee. Usomaji wote wawili unapotea mahali pamoja. Katika kisa hiki hakuna kilichozimwa wala kufichwa. Aliyeshindwa anajulikana, makao yake yanajulikana, na heshima yake inaendelea kutambuliwa na aliyemshinda. Mgogoro haukuzikwa gizani. Uliwekewa mkataba hadharani.

Lugha nayo inatoa ushahidi. Tumweke msimulizi Kabwe, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mbele ya wavuvi wasio Wafipa pekee. Atasimulia kwa Kiswahili, na atalazimika kusema "kiuno". Neno hilo kweli linabeba ngoma na mapenzi, lakini linabeba pia kazi: anayejifunga kibwebwe hukifunga kiunoni, na hapo haendi kustarehe. Kiuno cha Kiswahili ni nguvu inayotenda, si tamaa inayosubiri kuzuiwa. Anayekitafsiri kwa istilahi ya Freud anatupa nusu ya maana kabla ya kuanza kuhakiki.

Kutoka Milansi hadi Kichwamaji

Kipimo cha hoja ni kazi inayoweza kufanya kwingine. Riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Ukerewe, haitokani na kisa cha Ufipa, wala sidai hivyo. Lakini Kazimoto, msomi anayeishia kujiua, amezoeleka kusomwa kama mtu aliyeelemewa na upuuzi wa maisha. Tukimsoma kwa mizani ya Milansi, tunaona kichwa kisicho na mkataba na kiuno chake: elimu imemtenga na wazazi, na kijiji, na kazi ya mikono, na hakuna kigoda cha pili alichoachiwa. Swali linageuka. Badala ya kuuliza ni nini kimefichika ndani ya Kazimoto, tunauliza ni nani aliyepaswa kupatana naye.

Hitimisho

Pingamizi lipo: je, hatujambadilisha bwana tu, kumtoa Freud na kumweka Willis? Ni kweli kwamba kisa tumekipokea kupitia kalamu ya Mwingereza, na kwa hiyo deni letu la kwanza ni kukirekodi upya, kwa Kifipa na kwa Kiswahili, tuone wasimulizi wanachagua maneno gani. Lakini kungoja kazi hiyo hakutupi ruhusa ya kuendelea na mazoea. Mwanafunzi anayefundishwa kuvisaka vikale katika kila ngano atavipata daima, maana amevibeba mwenyewe. Kisa cha Milansi kinamfundisha mhakiki adabu nyingine: mgeni anaweza kupewa kigoda, ila mwenyeji abakiziwe kichwa.