Ayubu Hakuwahi Kuonyeshwa Mpango

Mambo yakituharibikia ghafla, sisi Wakristo wa Nairobi hukimbilia Ayubu. Mtu amefutwa kazi, mimba imeharibika, mzee amelazwa na bili imeshinda ukoo mzima. Kundi la WhatsApp linajaa: kumbuka Ayubu, Mungu ana mpango. Kama Mungu ana mpango au hana, sibishani. Nabishana na vile tunavyosoma. Kitabu cha Ayubu kina sura 42. Tunasoma 2 za kwanza, tunaruka hadi ya mwisho, tunapiga makofi kwa sababu ngamia 3,000 wamerudi wakiwa 6,000.

Hizo 39 tunazoruka ndizo kitabu chenyewe. Mwanzo na mwisho ni hadithi ya kawaida. Katikati ni ushairi, na ushairi wenyewe ni ugomvi mtupu. Katika sura ya 3, huyu tunayemsifu kwa subira analaani siku aliyozaliwa. Baada ya hapo hanyamazi. Anataka kesi. Anataka Mungu aje amwambie kosa lake ana kwa ana.

Marafiki zake nao wana mengi ya kusema. Elifazi, Bildadi na Sofari si watu wabaya, jamani. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kutamka neno. Wengi wetu hatumalizi dakika saba kabla ya kutuma mstari. Shida ilianza walipofungua midomo: Mungu ni wa haki, mambo hayatokei bure, tubu na mali yako itarudi. Yapeleke maneno hayo kanisani Jumapili hii, utaitikiwa amina hadi paa litikisike. Bildadi anafika mahali ambapo hata mhubiri mkali angesita: anamwambia baba aliyezika watoto 10 kwamba walivuna dhambi zao. Ayubu anawajibu kwamba ni waganga bure, afadhali wangeendelea kunyamaza. Na mwishowe Mungu anawakasirikia wao, hao mawakili wake, na kusema aliyemnena vizuri ni Ayubu, yule mlalamishi.

Kwa nini yeye? Nadhani jibu liko kwenye sarufi, yaani nani anaambiwa nini. Marafiki wanaongea juu ya Mungu tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata mmoja anayemgeukia kumwombea mgonjwa. Ayubu ndiye anayeacha kujibizana nao katikati ya hotuba, mara kwa mara, na kumsemesha Mungu mwenyewe, kwa hasira. Kama kuna kumtumaini Mungu katika kitabu hiki, kuko hapo: malalamiko yake hayapeleki kwa mwingine.

Halafu Mungu anajibu, sura ya 38 hadi 41, na haelezi chochote. Anauliza habari za mbuni, za tai, za mvua inayonyesha jangwani ambako hakuna mtu. Wapo wasomaji wanaoona huo ni ubabe, na siwalaumu. Mimi kinachonishika ni kile kisichosemwa. Yale mazungumzo ya mbinguni ya sura 2 za kwanza, tunayajua sisi tu. Ayubu hajui. Anazeeka, anaona wajukuu na vitukuu, anakufa, na hakuna aliyemweleza. Ukimwambia mfiwa kuna mpango, kwa sauti ya mtu aliyeuona, umejikalisha kwenye kiti cha msomaji huku yeye yuko ndani ya hadithi.

(Mkewe anapewa kauli moja tu, kisha anasahauliwa, ingawa watoto walikuwa wake pia. Hapo mapokeo ya Kiislamu yamemtendea haki zaidi: mke wa Ayubu ndiye anayebaki kumuuguza.)

Hata hiyo sura ya 42 tunaisoma haraka mno. Mifugo inaongezwa maradufu, lakini watoto wanazaliwa 10, idadi ileile, na mwandishi hasemi kama waliwafuta wale wa kwanza. Kisha kuna mstari ambao sijawahi kuusikia ukihubiriwa. Ndugu na jamaa wanakuja nyumbani kwake, wanakula naye, wanamfariji kwa mabaya ambayo kitabu kinasema wazi Mungu ndiye aliyemletea, na kila mmoja anamwachia kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Mchango, kwa lugha yetu. Walichomwambia wakati wa kula hakikuandikwa.