Kabla ya Mwendo

Mtazamaji wa katuni huona mwendo. Ustadi wa mhuishaji, hata hivyo, umo katika yale aliyoyaamua kabla mwendo haujaanza. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24; hata mchoro mmoja ukishika fremu mbili, kama ilivyo desturi, sekunde tano hudai michoro 60. Anayejitosa bila mpango huchoka njiani, na mhusika wake huchoka naye.

Kwa hiyo kazi huanza kwa maswali. Huyu ni nani? Anataka nini? Katika shoti hii, ni wazo gani linalogeuka kichwani mwake? Mzee anayeinuka kitini kumfungulia mgeni hainuki kama yule aliyesikia mlangoni sauti ya mwanawe aliyepotea. Mwili ni ule ule, kiti ni kile kile. Mhuishaji husikiliza sauti ya mwigizaji mpaka ajue neno lipi lina uzito na pumzi inavutwa wapi. Huigiza mwenyewe mbele ya kioo au kamera, saa mkononi. Kisha huchora vipicha vidogo vya harakaharaka, vingi vikiwa vya kutupwa, akitafuta mkao utakaotambulika hata mhusika akibaki kivuli kitupu. Mikao mikuu ikishapatikana, kila mmoja hupangiwa fremu yake, kama malenga anavyopanga vina kabla ya kukamilisha ubeti.

Filamu ya Snow White and the Seven Dwarfs ya mwaka 1937 ingali darasa. Studio ya Walt Disney ilimpiga picha mcheza dansi kijana, aliyekuja kujulikana kama Marge Champion, ili wachoraji wausome mwili wake. Kunakili tu kulizaa mwendo mkavu. Iliwabidi wachague, wakoleze, wapunguze. Na wale vibete saba wa filamu hiyo walipomlilia Snow White, mhuishaji Frank Thomas aliwahuisha kwa mwendo mchache mno, karibu watulie tuli. Huzuni ile iliwatoa watu machozi. Utulivu wa namna hiyo hauji kwa bahati, mtu ameukusudia.

Leo kompyuta hujaza yenyewe fremu za katikati, lakini haijui kwa nini mhusika anageuza shingo. Basi, kijana unayejifunza kazi hii, funga programu kwanza. Chukua penseli, simama, uigize. Ukishajua mhusika wako anawaza nini, ndipo umsogeze.