Shimesikio na unyevu wa Dar

Shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, inayokatika sauti asubuhi na kurudi yenyewe mchana mara nyingi haijaharibika. Imeingia maji. Inaniuma kuona kifaa kilichogharimu fedha nyingi kikifungiwa kabatini kwa sababu hiyo, na mtoto akikaa muhula mzima bila sauti.

Buguruni, hapa Dar es Salaam, ndiko iliko Shule ya Viziwi tangu 1974. Watoto wake wana lugha ya alama, na lugha hiyo haihitaji betri. Lakini kwa mtoto yeyote aliyebakiwa na usikivu kiasi, kifaa kikavu ni haki yake pia, na kukikausha ni kazi ya nyumbani.

Tazama kile kinachovaliwa nyuma ya sikio. Sauti ikishakuzwa hupita kwenye kimpira chenye uwazi wa kama milimita 2, hadi kwenye kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lenyewe. Hewa ya sikioni ina joto na mvuke. Ikikutana na kimpira kilichopozwa na feni au kiyoyozi, mvuke hugeuka matone, na katika uwazi mwembamba namna ile tone moja latosha kuziba njia. Tangu Desemba hadi Machi, jasho nalo hushuka mpaka kwenye kifuniko cha betri, likichukua vumbi la barabarani.

Kabla ya kwenda kwa fundi, chomoa kimpira kwenye ndoano ya kifaa, washa, kisha kifumbate kiganjani. Kikipiga mluzi ni kizima. Tafuta maji au nta kwenye kimpira na kizibo. Kikinyamaza, badili betri kwanza. Vifaa vya kidijitali vina uwezo wa kuuzima mluzi, kwa hiyo ukimya wake peke yake si ushahidi wa ubovu.

Kizibo kikishatenganishwa huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Kifaa chenyewe ni kitambaa kikavu tu. Maji yaliyobaki kwenye kimpira yatolewe kwa kipampu cha mpira. Kile cha kunyonyea makamasi ya watoto, kikiwa kipya, kinafaa. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi inarudisha mvuke uleule.

Usiku ndipo kazi kubwa inapofanyika. Toa betri, acha kifuniko chake wazi, na ulaze kifaa ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na vijipakiti vya chembe za kukausha, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikishashiba unyevu havisaidii tena, basi vibadilishwe mara kwa mara. Wengine huweka mchele. Sioni faida yake: hunyonya kidogo na huacha unga kwenye matundu ya maikrofoni. Kuanika juani ni kubaya zaidi.

Betri isilale kwenye kopo hilo. Hizi ni za zinki, hufanya kazi kwa kuvuta hewa, na ukavu huzimaliza. Ukibandua karatasi yake, ya rangi ya chungwa kwa namba 13 au buluu kwa namba 675, subiri dakika moja kabla ya kuiingiza. Kuibandika upya hakuirudishi betri ilivyokuwa. Mtoto akiimeza, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Asubuhi, kabla ya shule, simama nyuma yake umtamkie sauti sita alizozipanga mtaalamu Daniel Ling: m, u, a, i, sh, s. Zote zimo katika Kiswahili, na zinapanda kutoka sauti nzito za usemi hadi nyembamba kabisa. Kila anayoisikia ainue mkono. Akisikia u lakini akaikosa s aliyoisikia jana, angalia kimpira tena. Ikiendelea kukosekana baada ya kukausha na kubadili betri, andika tarehe na sauti iliyopotea kwenye daftari, umpelekee mtaalamu wa usikivu kifaa na daftari hilo.