Hila na Kanuni: Tofauti ya "Cheat" na "Deceive" katika Kiingereza cha Kila Siku

Vitenzi vya Kiingereza "cheat" na "deceive" huchukuliwa mara nyingi kuwa visawe, na vyote viwili hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa kudanganya. Makala haya yanadai kwamba usawa huo ni wa juujuu. "Deceive" huhusu imani: mtu hufanywa aamini jambo lisilo kweli. "Cheat" huhusu kanuni: mtu hujipatia faida kwa kukiuka utaratibu unaowafunga wenzake.

Mcheza poka mwenye karata mbovu anayepandisha dau huwahadaa wenzake, lakini haitwi "cheat", kwa kuwa mchezo wenyewe unairuhusu hadaa hiyo. Kinyume chake, tarehe 2 Julai 2010 jijini Johannesburg, Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mikono mpira wa Ghana uliokuwa ukiingia golini. Hakuficha lolote, akatolewa kwa kadi nyekundu. Hata hivyo, wengi walimwita "cheat". Waliomtetea walisema kwamba alikwisha kuadhibiwa kwa mujibu wa sheria. Pande zote mbili zilibishana juu ya kanuni. Hakuna aliyedai kwamba mtu amedanganywa.

Historia ya maneno hayo inaafiki hoja hii. "Deceive" linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kunasa. "Cheat" ni ufupisho wa "escheat", yaani ardhi kumrudia bwana au mfalme pale mmiliki anapofariki bila mrithi. Maofisa waliosimamia urejeshaji huo walishukiwa kudhulumu, na shutuma hiyo ikalibadili neno. Asili yake, basi, ni mali na haki, si uongo.

Huenda ikajibiwa kwamba udanganyifu umekwisha kupanuka na kubeba maana zote mbili, kama katika "udanganyifu wa mitihani". Ni kweli, ila upanuzi huo una gharama. Mwenzi anayekiri uhusiano wake wa nje huwa ameacha kudanganya, lakini Kiingereza bado kitasema kwamba "ame-cheat". Mfasiri akiandika "alimdanganya", kosa huhama kutoka kwenye ahadi iliyovunjwa hadi kwenye kauli isiyo kweli, na maungamo huonekana kulifuta. Kiswahili kinayo maneno yaliyo karibu zaidi: kupunja kwa mizani, kuibia kwa mtihani, kuchepuka na kusaliti kwa ndoa. Kamusi inayotanguliza kudanganya pekee humnyima mfasiri hazina hiyo, na humnyima msomaji uwezo wa kujua ni kosa gani linalohukumiwa.