Baraza ya mbao katika ua finyu: namna ya kuukagua ubora wake

Baraza ya mbao iliyobanwa kati ya nyumba na ukuta wa mpaka hukaguliwa kuanzia chini. Mbao za juu zikiharibika hubadilishwa mojamoja. Kilicho chini yake ni habari nyingine: katika ua wa mita 3, sakafu ikishafungwa, hakuna upande wa fundi kuingia hata kwa kutambaa. Ndiyo maana mkaguzi mzuri hufika wakati nguzo na boriti bado ziko wazi.

Kabla ya nguzo kuna ramani. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, ua wa nyuma ndimo zilimo chemba za maji taka, bomba la maji na pengine tangi lililozikwa. Ramani inayofaa huanza kwa kuvichora vitu hivyo, ndipo nguzo zitafutiwe nafasi. Juu ya kila chemba panahitajika kidirisha cha mbao kilichoshikwa na skrubu chache, kinachofunguka bila kugusa boriti yoyote. Baraza isiyo na kidirisha hicho ina kasoro kubwa hata kama mbao zake ni mkongo mtupu, kwa sababu siku chemba itakapoziba, sakafu itang'olewa kwa mtaimbo.

Kosa linaloonekana zaidi katika nafasi finyu ni kuegemeza baraza ukutani. Ukuta wa mpaka hujengwa ili ujisimamie wenyewe, na mara nyingi ni wa watu wawili. Ukuta wa nyumba una nguvu zaidi, lakini ubao ukibanwa juu ya plasta hushika maji nyuma yake na kuwapa mchwa njia isiyoonekana. Baraza bora husimama kwa nguzo zake yenyewe, ikiachana na kuta kwa sentimita kadhaa kila upande ili maji yashuke na hewa ipite.

Hapo huzuka tatizo jingine: shimo la nguzo likichimbwa kandokando ya nyumba hudhoofisha udongo unaoshikilia msingi. Dawa yake ni kuzisogeza nguzo ndani na kuziacha boriti zitokeze nje ya mihimili inayobebwa na nguzo hizo. Kipimo kinachoaminika ni kutokeza kusikozidi robo ya umbali kati ya mihimili. Mihimili miwili ikiachana mita 1.8, boriti zinaweza kutokeza sentimita 45 kila upande, na upana wote ukawa mita 2.7. Katika ua wa mita 3 hubaki sentimita 15 kila upande. Boriti hiyo ya futi 9 hukatwa kutoka ubao wa futi 12, na kipande cha futi 3 kinachobaki hutoa vizuizi viwili vya kupigiliwa kati ya boriti ili zisipinduke. Mpango uliofuata urefu wa mbao kwa namna hii hautupi kitu, na hiyo ni dalili kwamba aliyeupanga alikuwa na rula mkononi.

Boriti husimamishwa kwa ubavu. Ubao wa inchi 2 kwa 6 uliosimama hukaza mara 9 kuliko ubao uleule uliolazwa, kwa hiyo anayeulaza ili kupunguza kimo cha baraza amepoteza sehemu kubwa ya nguvu aliyoinunua. Umbali kati ya mihimili nao una hesabu yake: mtu akisimama katikati ya boriti, ikiongezwa urefu mara mbili itabonyea mara 8. Safu moja zaidi ya nguzo ina faida kuliko mbao nene. Kati ya boriti na boriti, sentimita 40 zinatosha kwa mbao za sakafu zenye unene wa inchi 1. Fundi makini hutazama kila boriti kwa jicho moja kutoka mwisho wake, na ile iliyopinda huiweka mgongo juu, uzito uje kuinyoosha.

Kiungo cha nguzo na mhimili ndicho kinachomtambulisha seremala. Mhimili ulale juu ya nguzo, au ndani ya pengo lililochongwa kwa patasi, kisha bolti ifunge tu. Ukipigiliwa ubavuni, mzigo wote unaning'inia kwenye misumari. Mkaguzi huinama na kutazama pale mbao mbili zinapokutana: mwanga ukipenya, mhimili bado haujakaa. Chini, nguzo isizikwe ndani ya zege. Ikae kwenye kiatu cha chuma, sentimita 5 au zaidi juu ya zege, mahali ambapo mchwa akipandisha njia yake ya udongo ataonekana. Baraza isiyoshikwa na ukuta inahitaji pia mbao za mshazari kati ya nguzo na mihimili. Bila hizo huyumba, hata nguzo zikiwa zimenyooka kwa timazi.

Kuhusu mbao, jina la mti halitoshi. Mvule, mkongo na mtiki husifiwa kwa haki, lakini kinachostahimili mchwa na unyevu ni kiini chenye rangi nzito. Sehemu nyeupe ya pembeni huliwa kama mbao nyingine yoyote, na mtiki uliovunwa mchanga unayo kwa wingi. Kwa hiyo hutazamwa ncha ya ubao, si uso wake uliopigwa randa. Hapohapo huonekana kama moyo wa mti umo ndani. Ukiwamo, ubao utapasuka. Paini, kama ile ya Sao Hill huko Mufindi, inafaa ikiwa imetiwa dawa kwa mashine, si kupakwa kwa brashi. Kila ncha iliyokatwa baadaye ipakwe dawa tena, kwani msumeno hufunua mbao ambayo huenda dawa haikuifikia. Vipande vyenye dawa ya shaba, kromi na aseniki visitumike kupikia: moshi na majivu yake ni sumu.

Mbao za sakafu zilizokauka huachiana milimita 5. Zilizo mbichi hukaribiana, kwa kuwa zitasinyaa upana zenyewe. Karibu na bahari, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi huimaliza zinki upesi.

Baada ya masika, kidirisha cha chemba hufunguliwa na tochi kuelekezwa chini ya boriti. Majani yaliyorundikana huondolewa, njia za mchwa huvunjwa, na ncha ya kisu husukumwa kwenye nguzo, karibu na kiatu. Ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, nguzo hiyo ibadilishwe kabla ya vuli.