Ufundi wa Namba Tatu

Jumamosi asubuhi, kwenye viwanja vya vumbi vya Singida mjini, kila mtoto anataka kucheza mbele. Goli ni mawe mawili, na mawe huku kwetu hayajawahi kuadimika. Anayepangwa beki hununa.

Juzi nilisimama kumtazama mmoja aliyepewa namba tatu, beki wa kushoto. Winga alimjia mbio na mpira. Mtoto hakumrukia. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, magoti ameyakunja kidogo, mwili ameugeuza upande, macho kwenye mpira. Alifunga njia ya ndani, akamwachia mwenzake njia ya nje, hadi mstari ukamwishia winga na mpira ukatoka. Hakuna aliyepiga makofi. Mimi nilitamani kupiga.

Kazi ya beki ikifanyika vizuri haionekani. Mshambuliaji huhesabiwa magoli. Beki angehesabiwa nini? Hatari aliyoizima kabla haijawa hatari haiandikwi popote. Singida upepo nao hucheza: mpira mrefu ulioonekana unakwenda nje hugeuka angani ukaangukia ndani. Beki mzuri huanza kurudi kabla mpira haujapigwa, kwa sababu ameshausoma mguu wa mpigaji na ameusikia upepo shingoni.

Nikiwaza hayo humkumbuka Fred Felix Minziro, beki wa kushoto wa Yanga wa enzi zile, ambaye baadaye alishika ukocha. Mwaka 2017 ndiye aliyeipandisha Singida United kutoka Ligi Daraja la Kwanza hadi Ligi Kuu, baada ya mkoa wetu kukaa miaka mingi ukiisikiliza ligi hiyo redioni. Uwanja wa Namfua, ambao leo unaitwa Liti, ukawapokea wakubwa wa nchi.

Timu ilipopanda, usukani alikabidhiwa Mholanzi Hans van der Pluijm. Msimu uliofuata Singida United ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar jijini Arusha. Tuliisifu sana ile timu. Aliyechimba msingi tulimtaja kwa uchache.

Mwaka 2021 Minziro akafanya kazi ileile Geita, mji wa dhahabu: akaipandisha Geita Gold. Huko pia msimu ulianza chini ya mwingine, Mrundi Etienne Ndayiragije. Lakini kabla msimu haujafika mbali timu ilirudi mikononi mwa Minziro, na mwaka 2022 ikamaliza nafasi ya nne, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa timu iliyokuwa na msimu mmoja tu Ligi Kuu, hilo ni jambo kubwa.

Siamini ilikuwa bahati. Beki huutazama mchezo wote ukiwa mbele yake, wakati mshambuliaji mara nyingi amelipa goli mgongo. Yeye ndiye anayepaza sauti: "Panda! Nyuma yako! Usitoke!" Kila anapowapanga wenzake anafanya kazi ya kocha, ila bado amevaa jezi. Siku anapoivua, kinachobadilika ni mahali pa kusimama tu. Na anakwenda na somo ambalo ligi ya chini inalihitaji kuliko lolote: kutoruhusu goli la kizembe dakika ya themanini, ugenini, kwenye kiwanja kigumu, mbele ya watu wanaokuzomea. Timu hupanda kwa pointi mojamoja za namna hiyo.

Wakulima wetu wa alizeti wanalijua hili. Ua la njano hupigwa picha na kila mpita njia, lakini aliyepalilia Januari, mgongo umeinama, ndiye aliyelileta. Beki ni mpaliliaji. Kocha anayepandisha timu kisha akamwona mwingine akivuna, naye ni mpaliliaji.

Basi wewe unayefundisha watoto mtaani, ukimpanga mmoja namba tatu, usimwambie amekosa nafasi mbele. Mwambie umempa nafasi ya kuuona uwanja wote. Na akimpeleka winga nje bila kumgusa, mpigie makofi, hata kama unapiga peke yako.