Mbu Mmoja Mmoja

Mji wa Babati umekaa chini ya mlima Kwaraa, ziwa likiwa pembeni na barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma ikiupita katikati. Ziwani kuna viboko, wavuvi na majani marefu ya kandokando. Ukishuka kuelekea Magugu unakuta majaruba ya mpunga, na ukiendelea unafika Tarangire, ambako ng'ombe wa wafugaji na nyumbu wa hifadhi hukanyaga nchi moja. Maji, mbu, mifugo, wanyamapori na watu vimekaribiana hapa kwa namna inayomvutia mtafiti na kumtia wasiwasi kwa pamoja.

Wasiwasi huo una sababu. Mwaka 2007 Manyara ilikuwa miongoni mwa mikoa 10 iliyoguswa na Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu na kushika mifugo na watu. Hadi mlipuko ulipokwisha mwezi Juni, watu 511 nchini walikuwa wameorodheshwa kuwa wanashukiwa kuugua, na 144 walikuwa wamekufa. Wakati wa mlipuko kila mtu hutaka habari: waandishi hufika, viongozi hutoa matamko, mnada wa ng'ombe hufungwa. Mimi nataka kuwasifia wale wanaokuja wakati hakuna habari. Virusi vya homa hii vinaweza kukaa kimya miaka kumi. Kazi ya kuvielewa hufanyika ndani ya ukimya huo, na mikono inayoifanya ina ustadi ambao ni wachache waliowahi kuutazama kwa karibu.

Ustadi huo huanza na salamu. Mtaalamu wa wadudu hufika bomani kabla jua halijazama, humwamkia mzee wa boma shikamoo, kisha huulizia mvua, malisho na afya ya mifugo. Hayo si maneno ya kupitishia muda. Katika mazungumzo hayo ndipo mama wa nyumba atakapotaja kwamba mbuzi wametupa mimba mfululizo, au kwamba kondoo wadogo wamekufa bila kuumwa siku nyingi. Homa ya Bonde la Ufa hujitangaza kwa mimba zinazotupwa kabla haijajitangaza kwa watu. Ila mimba hutupwa kwa sababu nyingine pia, ugonjwa wa brusela ukiwa mmojawapo, kwa hiyo mtaalamu mzuri huandika alichoambiwa na kuzuia ulimi wake.

Halafu unatundikwa mtego. Ni kitu chepesi: taa ndogo, kifeni, wavu na betri ya volti 6. Mbu huvutwa na mwanga, na kifeni humshusha wavuni. Huvutwa zaidi na hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, na kwa hiyo pembeni huwekwa barafu kavu. Isipopatikana, maji ya sukari na hamira ndani ya chupa hutoa hewa ileile kwa saa kadhaa. Mahali pa kutundika pana elimu yake: karibu na zizi lakini mbali na moshi wa jiko, mahali ambapo upepo haupigi sana, kimo kisichozidi kifua cha mtu. Kamba hupakwa grisi, maana sisimizi wakiupata mtego usiku, asubuhi utakuta mabawa tu.

Na mtego huo hauoni kila kitu. Aedes aegypti, mbu wa dengi na chikungunya, huuma mchana na hapendi sana taa. Yeye hutafutwa mjini, kwenye tairi kuukuu, madumu na makopo yaliyoshika maji ya mvua. Mji wenye malori mengi kama Babati haukosi tairi za kuinamia. Kuna adabu fulani katika kuomba ruhusa ya kuchungulia pipa la maji la mtu usiyemjua, na wanaofanya kazi hii wanayo.

Asubuhi ndiyo saa ninayoiheshimu kuliko zote. Mbu lazima wawahishwe kwenye baridi, kwa sababu chembe za urithi za virusi wanavyoweza kuvibeba huharibika upesi kwenye joto. Wakishaganda humwagwa juu ya sahani baridi chini ya hadubini, pamoja na nondo, mbawakawa na kila kilichoifuata taa, na uchambuzi huanza, kama mama anayechambua mchele wa Magugu kwenye ungo, ila hapa punje zina miguu sita na ni rahisi kuvunjika. Dume hujulikana kwa vipapasio vyake vyenye manyoya mengi. Huwekwa kando, kwa kuwa jike peke yake ndiye anayefyonza damu. Anofelesi jike ana viambata vya mdomoni vinavyokaribia urefu wa mrija wake wa kufyonzea. Mansonia, ambaye viluwiluwi vyake hupumua kwa kutoboa mizizi ya majani ya majini, ana mabawa yenye magamba mapana, meusi na meupe yaliyochanganyika. Aedes aegypti ana mistari myeupe mgongoni yenye umbo la kinubi. Magamba haya ndiyo kitambulisho, nayo hung'oka kwa mguso mmoja mbaya wa kibano. Mezani huwa kuna vitabu vya funguo za utambuzi. Kile cha F. W. Edwards cha mwaka 1941 bado hutajwa, na mwenye uzoefu hukifungua pale tu anapokutana na mgeni.

Baada ya hapo mbu wa aina moja, wa mahali pamoja na siku moja, huwekwa pamoja ndani ya kijirija, mara nyingi wasiozidi 25 au 50. Kijirija hupewa namba, na namba huandikwa daftarini pamoja na boma, tarehe na aina ya mtego. Hapo ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka. Mbu asiye na tarehe wala mahali hamfai mtu yeyote, hata kama amebeba virusi. Nimeona daftari za namna hii zilizoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka maji yakimwagika, na nikaona ndani yake uangalifu ambao mara nyingi haufiki kwenye ripoti.

Kazi hii ina wazee wake katika nchi zetu. Mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham walieleza Homa ya Bonde la Ufa, iliyokuwa ikiua wanakondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, wakakitenga kirusi chake. Kondoo walipohamishiwa nyanda za juu vifo vilikoma, na hilo likawaelekeza kwa mbu. Mwaka 1952 homa ya kuvunja viungo ilizuka kusini mwa Tanganyika. Marion Robinson aliandika dalili zake, W. H. R. Lumsden akafuatilia kuenea kwake na mbu wake, na R. W. Ross akakitenga kirusi. Ndiyo chikungunya ambayo leo inajulikana hadi India na Brazili. Ukisoma maandishi yao unaona kwamba walianza kwa kutazama vizuri na kuandika sawasawa.

Ninayoipenda zaidi ni kazi iliyochapishwa mwaka 1985 na Kenneth Linthicum na wenzake, kutoka Kenya. Walifuatilia mbu katika kipindi ambacho hakukuwa na mlipuko wowote. Walichukua viluwiluwi kutoka bonde lililofurika, wakawakuza hadi wakawa mbu, na ndani ya mbu hao ambao walikuwa hawajawahi kumuuma mnyama yeyote wakakuta kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa. Maana yake mama humrithisha mwanawe kupitia yai. Mayai ya mbu hawa, ambao ni Aedes wa aina nyingine na si yule wa tairi za mjini, hukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, yakisubiri mafuriko. Nchi yenye mbuga za udongo mweusi, zinazopasuka kiangazi na kuwa dimbwi masika, inaweza kuwa ghala la ugonjwa ambalo hakuna anayeliona. Ndiyo maana mvua kubwa za El Niño hutangulia milipuko, na ndiyo maana picha za setilaiti ziliweza kutoa tahadhari kwa Pembe ya Afrika mwishoni mwa 2006, wiki 2 hadi 6 kabla ugonjwa haujathibitishwa.

Setilaiti, hata hivyo, haitoi damu. Hiyo hutolewa zizini: msaidizi amemshika mbuzi, kichwa kimegeuzwa taratibu, kidole gumba kimebana chini ya mshipa wa shingo hadi ukavimba, na sindano inaingia mara moja. Mchukua sampuli hodari humaliza kabla mnyama hajaamua kupigana. Damu huachwa igande, maji yake hutengwa, na maabara hutafuta kingamwili. Aina moja huonyesha maambukizi ya karibuni, nyingine huonyesha ya zamani, na swali la umri wa mnyama huwa na uzito kuliko linavyosikika. Katika bonde la Kilombero, Robert Sumaye na wenzake walikuta kingamwili hata kwa mifugo iliyozaliwa baada ya mlipuko wa 2007. Kirusi kilikuwa kinatembea bila kelele, na kilichokifichua ni mtu aliyekumbuka kuuliza kila mnyama alizaliwa lini.

Ustadi huo ungehitajika hospitalini pia. Kati ya wagonjwa 309 wa 2007 waliothibitishwa au kuhesabiwa kuwa huenda wana Homa ya Bonde la Ufa, asilimia 55 walikuwa na malaria vilevile. Mganga aliyeona vijidudu vya malaria kwenye kioo hakukosea. Ila angeweza kuishia hapo, na homa ya pili ikapita bila kupimwa.

Mwisho wa mzunguko ni kurudi bomani na majibu. Wengine hulisahau hili, na wakirudi mwaka mwingine hukuta mlango mzito. Wanaolijua huketi, hupokea chai, na kumweleza mfugaji kilichoonekana katika mbuzi wake, hata kama jibu ni kwamba hakuna kitu. Humkumbusha asichinje mnyama mgonjwa, asizalishe kwa mikono mitupu, na achemshe maziwa. Kisha huuliza kama mwakani, mvua zikianza, wanaweza kutundika mtego kwenye mti uleule, ili hesabu ya mwakani iweze kulinganishwa na ya mwaka huu.